Mzinga Ulikua, Ndege Ikadumaa

Chukua mzinga wa kupigia vifaru, ule ambao ardhini hukokotwa na gari na kuhudumiwa na kundi zima la askari. Mdomo wake una kipenyo cha milimita 75, na risasi yake moja, ganda na baruti pamoja, ina uzito wa karibu kilo 12. Uninginize tumboni mwa ndege yenye injini mbili za kuungaunga, mweke rubani mmoja peke yake, kisha mtume akawinde vifaru vya Warusi akiruka juu kidogo ya vilele vya miti. Wajerumani walifanya jambo hilo mwaka 1944. Ndege iliitwa Henschel Hs 129, toleo la B-3, na ilibeba risasi 12 tu.

Wapenzi wa zana za vita huipenda sana picha ya ndege hiyo, na sitajifanya kwamba mimi nimeepuka mvuto huo. Mtutu umetokeza chini ya pua kama mkonga wa tembo, na mtu hujikuta akifikiria mhandisi aliyethubutu. Lakini ukifuata historia ya ndege za Kijerumani za kushambulia ardhini tangu mwanzo wake, ule mtutu unaanza kusema jambo jingine. Marubani walilalamika kwamba ndege ni nzito, wakaongezewa mzinga. Waliposema ni ya polepole, walipewa mzinga mkubwa kuliko wa kwanza. Tatizo lilikuwa injini, na ofisi zilizopaswa kulitatua zilijibu kila mara kwa silaha.

Kinachonishangaza ni kwamba hawakuwa wageni wa kazi hii. Mwaka 1917, wakati mataifa mengi yalikuwa bado yanafunga ndege kwa vitambaa na waya, kampuni ya Junkers ilitoa J.I, ndege ya chuma kitupu. Mbele yake, kuanzia injini hadi kiti cha mtazamaji, kulikuwa na beseni la chuma kigumu lenye unene wa milimita 5, na ndani yake walikaa rubani, mtazamaji, injini na tangi la petroli. Askari waliipa jina la gari la kuhamishia samani, kwa jinsi ilivyojikokota kupaa. Zilitengenezwa 227. Risasi za askari wa mahandaki ya upande wa pili ziliigonga na kudunda. Mwaka huohuo Ujerumani ilikuwa na vikosi maalumu vya ndege za kushambulia askari wa miguu, na katika mashambulizi ya kujibu kule Cambrai, Ufaransa, mwisho wa Novemba, vikosi hivyo viliruka chini kabisa vikimimina risasi na maguruneti mbele ya askari wao. Kwa hiyo mambo ya msingi yalishajulikana: mkinge rubani, ikinge injini, ruka chini, fanya kazi bega kwa bega na walio ardhini.

Baada ya kushindwa na kunyang'anywa jeshi la anga, maarifa hayo yalilala. Yalipoamka, miaka ya 1930, yaliamka yamevaa vazi jingine. Ernst Udet, rubani maarufu wa vita vya kwanza aliyegeuka mwanasarakasi wa angani, alizipenda mno ndege za Curtiss alizoziona Marekani zikipiga mbizi kuelekea shabaha. Serikali mpya ya Hitler ikamnunulia mbili. Kutokana na shauku hiyo, na mahitaji halisi ya jeshi lisilokuwa na vyombo vizuri vya kulengea mabomu kutoka juu, ikazaliwa Junkers Ju 87, ambayo dunia inaijua kwa jina la Stuka. Iliruka mara ya kwanza Septemba 1935. Ilikuwa na mabawa yaliyopindwa kama ya mwewe, magurudumu yasiyokunjwa, na kwenye miguu hiyo ya magurudumu wakafunga king'ora kilichozungushwa na upepo, wakakiita tarumbeta ya Yeriko. Mtu aliyesoma Biblia anajua kuta za Yeriko zilianguka kwa kelele. Stuka nayo ilitegemea kelele zaidi ya wengi wanavyokubali.

Simdharau Stuka. Ndege inayoshuka karibu wima na kuachia bomu la kilo 250 au 500 ikiwa mita mia chache tu juu ya daraja ni silaha ya kweli, hasa mwaka 1939 na 1940, pale Poland na Ufaransa. Lakini ilifanya kazi kwa sharti moja lisiloandikwa: anga liwe limeshasafishwa. Agosti 1940, juu ya pwani ya kusini ya Uingereza, sharti hilo halikutimia. Tarehe 18 mwezi huo vikosi vya Stuka vilipata kipigo kikubwa, na baada ya muda mfupi vikaondolewa katika vita hivyo vya anga. Ndege inayotoka katika mbizi huwa polepole, chini, na imenyooka. Kwa rubani wa Spitfire, ndege ya mapigano ya Waingereza, hiyo ni nyama iliyowekwa mezani.

Pembeni ya Stuka kulikuwa na ndege ambayo haikupata sifa yake mapema. Henschel Hs 123 ilikuwa ya mabawa mawili, moja juu ya jingine, kama zile za vita vya kwanza. Rubani alikaa wazi, upepo ukimpiga usoni. Bunduki zake zilikuwa mbili ndogo za milimita 7.92, na mabomu machache ya kilo 50. Ilipelekwa Hispania na Condor, kikosi cha Wajerumani kilichopigana huko, kisha Poland, Ufaransa, na Urusi. Katika mzunguko fulani wa injini, rafadha yake ilitoa mlio wa kupasua, kama rundo la bunduki zikilia kwa pamoja, na kulikuwa na nyakati ambapo marubani walivunja safu za askari na farasi kwa mlio tu, bila kufyatua hata risasi moja. Ilivumilia tope, baridi na viwanja vya majani. Mafundi waliipenda kwa sababu haikuwa na mengi ya kuharibika.

Januari 1943 Jenerali Wolfram von Richthofen, mtu aliyekuwa mnadhimu mkuu wa kikosi cha Condor wakati mji wa Guernica, Hispania, ulipochomwa Aprili 1937, na kwa hiyo si mtu wa kumsifu bila kukumbuka hilo, aliuliza kama Hs 123 zinaweza kuanza kutengenezwa tena. Akajibiwa haiwezekani. Vyombo na kalibu za kuziundia zilikuwa zimeshatupwa mwaka 1940. Fikiria hali hiyo: katikati ya vita vikubwa kuliko vyote, kamanda wa ndege za mstari wa mbele anaomba arudishiwe ndege ya zamani isiyokuwa hata na kioo cha kumfunika rubani. Ile mpya iliyopaswa kuichukulia nafasi ilikuwepo tayari. Jenerali aliijua, na bado aliulizia kuukuu.

Ile mpya ndiyo Hs 129, na hapa nitakaa kidogo.

Mwaka 1937 Wizara ya Anga ya Ujerumani ilitoa masharti ya ndege ndogo ya kushambulia ardhini: iwe na injini mbili, iwe na deraya, yaani kinga ya chuma, ibebe mizinga ya milimita 20. Kufikia hapo, sawa. Kisha likaja sharti lililoiua kabla haijazaliwa: injini ziwe ndogo, za aina ambayo hakuna ndege nyingine muhimu inayoihitaji. Injini kubwa zilikuwa na wenyewe, yaani ndege za mapigano ya angani na za mabomu. Mhandisi Friedrich Nicolaus wa Henschel akapewa injini za Argus As 410, kila moja ikiwa na nguvu za farasi 465. Hiyo ni injini ya ndege ya mafunzo. Akaambiwa aitumie kubeba beseni la chuma.

Alichokifanya kinaonyesha akili na dhiki kwa wakati mmoja. Ili kupunguza uzito wa deraya alikibana chumba cha rubani kikawa chembamba mno, kuta zake zikilalia ndani kadiri zinavyopanda juu, mabega ya rubani yakikaribia kugusa pande zote mbili. Mbele aliweka kioo cha milimita 75. Nafasi ilipokwisha, baadhi ya saa za kupimia hali ya injini hazikupata pa kukaa ndani. Zikafungwa nje, ubavuni mwa injini zenyewe, upande unaoelekea chumbani. Rubani aliyetaka kujua hali ya injini yake aligeuza shingo, akachungulia dirishani, akasoma saa iliyokuwa ikipigwa na mvua nje huko. Kioo cha kulengea nacho kilikaa nje, juu ya pua. Usukani ulikuwa mfupi kwa sababu mrefu usingezunguka, na usukani mfupi unataka misuli. Kutoka katika mbizi, ndege ikiwa imeshika kasi, haikuwa kazi ya mkono mmoja.

Vikosi vilipoijaribu viliikataa. Sioni aibu kwao, naona aibu kwa waliowapelekea. Henschel ikapendekeza ndege kubwa zaidi yenye injini za maana. Wizara ikasema hapana, kwa kuwa kubuni upya kungekula muda. Bahati mbaya ya Ufaransa ikawa ndiyo bahati ya Henschel: Ufaransa ilipoanguka mwaka 1940, Wajerumani walijipatia injini za Gnome-Rhône 14M, nguvu za farasi 700 kila moja. Wakazipachika. Ndege ikapata jina jipya, Hs 129B, ikaingia vitani Mei 1942 huko Crimea. Kasi yake ya juu ilikuwa takriban kilomita 400 kwa saa, tena siku njema, juu, bila mzigo wa ziada.

Injini hizo za Kifaransa zilikuwa nyepesi na zilitengenezwa kwa ustadi, ila hazikubuniwa kwa vumbi. Kikosi kilichopelekwa Afrika Kaskazini mwishoni mwa 1942 kiliona injini zikisagwa na mchanga ndani kwa ndani, na ndege zikakaa chini muda mwingi kuliko zilivyoruka. Urusi wakati wa kiangazi nayo ina vumbi lake. Na risasi moja ya bunduki ya kawaida ikipenya mahali pabaya, injini ilizima, na ndege kubaki na injini moja isiyoweza kuibeba vizuri. Rubani alikuwa salama ndani ya beseni la chuma. Injini zilizombeba hazikuwa na kinga ya kiasi hicho. Junkers mwaka 1917 aliikumbuka injini alipokuwa akipima chuma.

Sasa turudi kwenye mizinga.

Juni 1941 Wajerumani waliingia Urusi na kukutana na T-34. Lugha yetu ina jina zuri la chombo hiki: kifaru. Nalipenda kwa sababu linamwelekeza mpiganaji afikiri kama mwindaji. Usoni ngozi haipenyeki, ubavuni ngumu, ila kila mnyama ana mahali laini. Ubavu wa T-34 ulikuwa na chuma cha milimita 45 kilicholazwa ili risasi iteleze, lakini sitaha ya nyuma, juu ya injini, chuma chake kilikuwa milimita 20 au pungufu. Mtu wa ardhini hawezi kuipiga sitaha hiyo. Mtu wa angani anaweza. Hapo ndipo hoja nzima ya ndege ya kuwinda vifaru ilipozaliwa, na kama hoja, haina kasoro.

Mizinga ya milimita 20 haikutosha. Wakafunga ya milimita 30, MK 101, chini ya tumbo la Hs 129, risasi 30. Iliposhindwa kutosha, wakageukia mzinga wa kutungulia ndege wa milimita 37, wakafunga miwili chini ya mabawa ya Stuka. Toleo hilo ni Ju 87G. Kila mzinga ulibeba risasi chache tu, na kila mmoja ulikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 270. Breki za mbizi zikang'olewa, maana ndege yenye mizigo hiyo haikuwa ya kupiga mbizi tena. Tazama kilichotokea hapo: ndege iliyobuniwa kwa ajili ya mbizi, iliyoshindwa mwaka 1940 kwa sababu ilikuwa polepole, inaongezewa uzito na upinzani wa hewa, inapokonywa ile kazi moja iliyoijua, kisha inarudishwa vitani mwaka 1943, wakati marubani wa Kisovieti wameshajifunza kazi.

Iliwezaje basi kuua vifaru? Iliweza, kwa mikono michache. Rubani aliingia kutoka nyuma ya kifaru, chini kabisa, akasogea hadi umbali ambao askari wa kawaida angeita wa kichaa, akafyatua risasi moja au mbili, akavuta. Mizinga ilikuwa mbali na mstari wa katikati ya ndege, hivyo ndege ikiyumba kidogo tu, shabaha imepotea. Hii ni kazi ya mtu aliyeruka mara mia kadhaa na bado yuko hai. Mafunzo ya miezi michache hayakuweza kumtoa mtu wa namna hiyo, na kila aliyeanguka hakupatikana wa kumrithi.

Hapa huletwa jina la Hans-Ulrich Rudel, safari za vita 2,530, vifaru 519 vilivyoandikwa kwa jina lake. Rudel alikuwa Mnazi kabla ya vita, akabaki Mnazi baada ya vita, alipohamia Argentina na kuendelea na siasa zilezile. Ustadi wake wa kuruka sina sababu ya kuukana. Namba yake, na namba za kila rubani wa kazi hii wa taifa lolote, ndiyo ninayoishika kwa vidole viwili. Kule Mortain, Ufaransa, Agosti 1944, marubani wa Uingereza na Marekani waliripoti kuharibu vifaru zaidi ya 100. Wachunguzi wa Waingereza wakatembea uwanjani baadaye kwa miguu, wakakagua kimoja kimoja. Walikuta vifaru na mizinga ya kujiendesha 46, na iliyopigwa na silaha za ndege ilikuwa 9. Marubani hao hawakuwa waongo. Mtu anayepita kwa kasi kubwa, moshi umetanda, risasi zinamfuata, anaona mlipuko na kuandika kifaru. Kifaru chenyewe pengine kimechubuka rangi, au kimevutwa usiku na kurudishwa kazini baada ya siku mbili. Kama waliokuwa na anga lote mikononi walikosea kiasi hicho, sioni kwa nini waliokuwa wakikimbizwa wapewe imani kubwa zaidi.

Tarehe 8 Julai 1943, siku za vita vya Kursk huko Urusi, Bruno Meyer, kamanda wa marubani wa Hs 129, aliona kutoka angani vifaru vya Kisovieti vikitoka msituni karibu na Belgorod kuelekea ubavu wa jeshi la Wajerumani lisilo na habari. Aliita vikosi vyake vya Hs 129, vikaja kimoja baada ya kingine, shambulio likavunjika. Wajerumani walidai vifaru kama 50. Hata ukikata dai hilo vipande vitatu, shambulio lilivunjika, na hiyo ndiyo siku bora ya ndege hiyo katika maisha yake yote. Hutumiwa kama ushahidi kwamba wazo lilikuwa sahihi. Nakubali. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa zaidi kwa waliolinyima wazo hilo injini.

Kulikuwa na kitanzi kingine kisichoonekana katika picha. Risasi za milimita 30 na 37 zilipenya kwa sababu ya kiini kigumu ndani yake, na kiini hicho kilikuwa cha wolframu. Wasomaji wa Rwanda na wa Kivu wanaifahamu, maana huchimbwa huko hadi leo, ndugu wa bati na koltani. Ujerumani haikuwa nayo ya kutosha. Iliitegemea Ureno na Hispania, nchi zisizopigana, na Waingereza na Wamarekani wakaenda hukohuko kuinunua kwa bei za kutisha ili tu Wajerumani wasiipate. Juni 1944 Salazar, mtawala wa Ureno, akafunga mlango wa nchi yake kabisa. Na hata kabla ya hapo kulikuwa na ugomvi wa ndani: wolframu hiyohiyo ndiyo iliyotengeneza vyembe vya mashine za kukatia chuma viwandani. Risasi iliyofyatuliwa shambani Ukraine haikurudi, ila chembe cha mashine kilikata mizinga mia. Ukiwa waziri wa silaha, utampa nani? Viwanda vilishinda, na marubani wakahesabiwa risasi. (Jenerali aliyeulizia Hs 123 aliitwa Wolfram. Historia nayo ina utani wake.)

Upande wa pili walikuwa wanafanya nini? Warusi walikuwa na Il-2, ndege yao ya kushambulia ardhini. Deraya yake haikuwa mzigo uliopakiwa juu ya ndege, ilikuwa ndiyo mwili wenyewe wa ndege, ukiizunguka injini, rubani na mafuta, wazo lilelile la Junkers wa 1917. Injini moja kubwa. Ilikuwa na makosa mengi. Toleo la mwanzo halikuwa na mtu wa kulinda nyuma na zilianguka kama embe. Lakini Desemba 1941 Stalin aliwapigia wakuu wa viwanda simu ya maandishi akiwaambia Jeshi Jekundu linaihitaji Il-2 kama hewa na kama mkate, na hiyo haikuwa sifa, ilikuwa karipio lenye vitisho kwa sababu zinatoka chache. Zikatoka. Hadi mwisho zilikuwa takriban 36,000. Hs 129 zote, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, hazikufika 900.

Warusi nao walijaribu mizinga mikubwa kwenye Il-2, ikiwemo ya milimita 37, wakaona kulenga ni shida. Jibu lililowafaa zaidi lilikuwa dogo hadi linachekesha. PTAB ni kibomu cha kilo moja na nusu hivi, chenye shimo mbele linaloukusanya mlipuko kuwa mwali mwembamba wa kutoboa chuma. Il-2 moja ilibeba zaidi ya 200, ikavimwaga kama mtu anayepanda mtama kwa kutupa. Hakihitaji wolframu wala rubani bingwa wa kulenga. Kimoja kikiangukia sitaha ya injini, kifaru kimekwenda. Vilitumika kwa wingi kwa mara ya kwanza Kursk, Julai ileile ya Meyer. Wajerumani hawakuwa wajinga wa jambo hilo, nao walikuwa na bomu la kilo 4 la aina hiyohiyo, lililomwagwa kutoka katika makasha. Walikuwa nalo, wakaendelea kuchonga mizinga.

Kwa nini? Nadhani ni kwa sababu mzinga ni kitu ambacho ofisi moja inaweza kukimaliza yenyewe. Mhandisi anachora, fundi anafunga, picha inapigwa, ripoti inapanda juu. Injini mpya inataka kiwanda, chuma, miaka miwili, na zaidi ya yote inataka mtu mwenye mamlaka amwambie mkuu wa ndege za mabomu kwamba mwaka huu atapata pungufu. Katika serikali ile ya watu waliokuwa wakivutana kila mmoja upande wake, na Udet akiwa amejiua kwa risasi Novemba 1941 baada ya mipango aliyoisimamia kuporomoka, mtu huyo hakupatikana.

Jibu lililo sahihi lilipatikana, na ni Wajerumani wenyewe waliolipata, kwa kuchelewa. Focke-Wulf Fw 190 ilikuwa ndege ya mapigano ya angani yenye injini pana inayopozwa kwa hewa, haina maji ya kuvuja ikipigwa, na yenye kasi ya kumtoroka adui. Wakaongeza deraya chini yake, wakafunga bomu la kilo 500, wakaiita toleo F. Ikimaliza kuachia bomu, inageuka ndege ya kupigana. Oktoba 1943 vikosi vya Stuka vilibadilishwa jina kuwa vikosi vya mashambulizi, chini ya Ernst Kupfer, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwezi uliofuata, na Fw 190 ikaanza kuichukua nafasi ya Ju 87 hatua kwa hatua. Mwishoni zilipewa na roketi za kupigia vifaru. Lakini kila Fw 190 iliyopelekwa kushambulia ardhini ilikosekana juu ya Berlin, na tangu Mei 12, 1944 mabomu ya Wamarekani yalianza kuviangukia viwanda vya petroli ya makaa ya mawe. Ndege nzuri ikapatikana, mafuta yakapungua.

Wakati huohuo wahandisi wa silaha waliendelea na safari yao. Waliipachika Hs 129 mirija sita iliyoelekezwa chini, yenye kifaa cha kuhisi chuma: ndege ikipita juu ya kifaru, sumaku inasikia, mirija inajifyatua yenyewe. Katika majaribio kifaa hakikutofautisha vizuri kifaru na vyuma vingine. Junkers Ju 88, ndege kubwa ya mabomu, ikafungwa mzinga wa milimita 75, ikawa nzito na ya kukamatwa kirahisi, mradi ukafifia. Ufaransa ilipokombolewa, chemchemi ya Gnome-Rhône ikakauka, na Hs 129 ikaacha kutengenezwa mwaka huohuo wa 1944. Romania, iliyokuwa imepewa baadhi, ilibadili upande Agosti 23, na marubani wake wakazigeuza Hs 129 dhidi ya waliowapa.

Zile chache za B-3 zilifika vikosini katika hali hiyo. Mzinga ulikuwa na uzito wa kilo 700 hivi. Ukifyatuliwa, ndege nzima ilipata teke, kasi ikapungua, na rubani alilazimika kuituliza kabla ya kufikiria risasi ya pili. Ilipiga vizuri, kifaru chochote cha wakati ule kingepasuka. Ila waliounda ndege walijua kitatokea nini rubani akiona ndege za adui zinamshukia au injini moja ikizima. Kwa hiyo walimwekea chumbani, katika ile nafasi finyu isiyotosha hata saa za injini, mkono wa kuvuta ili mzinga wote udondoke, ndege iwe nyepesi ya kutosha kurudi nyumbani.